Mdogo Anaondoka

Mnara wa kanisa la Gosby una kengele nane, na sisi tunaozipiga huzisema kama watu. Hatusemi kengele imelia, tunasema amelia. Nyepesi kuliko zote, ambayo ndiyo huanza, tunaiita Mdogo. Nzito kuliko zote ni Mkubwa. Zilizo katikati zina namba tu. Mpigaji naye huitwa kwa kengele yake, kwa hiyo ndani ya chumba cha kamba mimi si Philippa, ni wa Saba, na Wilf Tunnard, mfuga nguruwe mwenye mabega kama mlango wa ghala, ni Mkubwa.

Ruta alikuwa Mdogo. Alikuja kutoka Lithuania miaka mingi iliyopita kuchuma maua kwenye mashamba yetu ya bondeni, baadaye akahamia kukagua kabichi kwenye ghala la kufungia mboga. Siku moja alipanda ngazi za mnara kuuliza kelele zile ni za nini. Nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa mpigaji mzuri, mwenye kasoro moja, ambayo nitaieleza.

Kabla ya kupiga, anayeshika kamba ya Mdogo husema maneno ambayo yalikuwa yakisemwa humo kabla yetu sote. Kwanza, "Angalieni," nasi tunashika kamba. Kisha huvuta kidogo, na kule juu kengele iliyokuwa imesimama mdomo ukitazama mbinguni inaanza kuinama. Hapo husema, "Mdogo anaondoka." Inapoanguka, husema, "Ameondoka," na wengine saba wanafuata mmoja mmoja. Kasoro ya Ruta ni kwamba kati ya neno la pili na la tatu hakuacha nafasi. Sisi tulikuwa bado tunatafuta mshiko, yeye ameshakwenda.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu asiyeyajua hataelewa jinsi kijiji cha watu wenye akili zao kilivyomuaga mtu ambaye hakuwa amesema anakwenda popote.

Majira hayo nchi nzima ilikuwa inaondoka. Kura ya maoni ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ambao makao yake ni Brussels, ilikuwa imepigwa karibu miaka mitatu nyuma, na tarehe ya kutoka ilikuwa imeandikwa kwenye sheria: Ijumaa, ishirini na tisa Machi. Ijumaa ndiyo siku yetu ya mazoezi. Kwa hiyo mwishoni mwa Februari Clive Dring, wa Sita, mwenyekiti wa baraza la kijiji, mtu ambaye bango lake la kujitoa lilikuwa bado limefungwa kwenye uzio wa shamba lake ingawa mvua ilikuwa imekula nusu ya maneno, alitoa pendekezo.

"Mazoezi ya siku ile tuyape maana," akasema. "Nchi inatoka, kengele zinalia."

"Inatoka na mkataba au bila mkataba?" nikauliza.

"Inatoka."

"Hilo si jibu, Clive."

"Wangekutuma wewe Brussels, Philippa, wangesaini siku ya kwanza, waponyoke tu."

"Mimi nitapiga," Wilf akasema. "Nikikaa nyumbani nitalazimishwa kutazama taarifa ya habari."

Kisha, bila mtu kupanga, wote tukamtazama Ruta. Alikuwa anakunja kamba yake.

"Ni Ijumaa," akasema. "Ijumaa nipo."

Tulikuwa na mchungaji mpya, Imogen, aliyetoka London mwezi Januari. Alikuwa na bidii ya kujifunza mambo yetu, na jambo moja alilojifunza, na kulifurahia, ni kwamba Ruta huitwa Mdogo. Hakuwa amepanda mnarani. Ngazi zetu ni nyembamba na goti lake lilikuwa na matatizo. Jumapili moja baada ya ibada, tukinywa chai nyuma ya kanisa, alimwendea Wilf, nami nilikuwa karibu nikikata mkate wa zabibu.

"Na Mdogo wenu anaendeleaje?" akauliza.

Wilf alikuwa na mkate mdomoni. "Mdogo? Anaondoka mapema mno."

"Anaondoka?"

"Mapema mno, mchungaji. Sisi hatujajiandaa hata kidogo. Nimemwambia avute subira, lakini wapi."

"Maskini. Na mtafanyaje?"

"Tutazoea. Mbona tumezoea mengi."

Mchungaji akamshika mkono. Wilf aliniambia baadaye kwamba yule mama anajali sana upigaji wa kengele, jambo ambalo hakulitarajia kwa mtu wa London. Mimi sikuona lolote la ajabu katika mazungumzo yale. Kila neno lililosemwa lilikuwa sahihi.

Katika wiki mbili zilizofuata Bunge liliukataa mkataba wa kujitoa kwa mara ya pili, likakataa kutoka bila mkataba, likakubali kuomba muda zaidi. Wakati huohuo Ruta alianza kupokea vitu. Mwenye duka alimkumbatia mbele ya foleni na kumpa kopo la pipi bila kueleza. Mwanamume ambaye hajawahi kumsalimu alimuuliza kama baiskeli yake inauzwa. Kule ghalani msimamizi alimuuliza kwa upole kama angekubali kumfundisha mwingine kazi kabla ya mwezi kwisha. Hakuna aliyemwambia sababu, kwa kuwa kila mmoja alidhani sababu anayo Ruta mwenyewe.

Akaja kwangu Jumatano jioni. Hakukaa.

"Philippa, wewe unasoma kila kitu. Niambie ukweli. Wamesema tuondoke?"

"Nani wamesema?"

"Serikali. Nadhani kuna tangazo limetoka mimi sikulisikia. Nilikuwa zamu ya usiku."

"Hakuna tangazo kama hilo. Wamesema mliopo mnaweza kubaki, na mjiandikishe. Hata nchi ikitoka bila mkataba."

"Una hakika?"

"Nimesoma hati yenyewe."

"Basi kwa nini mwenye duka amenikumbatia?"

Nikaweka maji ya chai. Alisimama dirishani akiwa bado na koti, akitazama mfereji. Nilifanya kazi maisha yangu yote kwenye bodi ya mifereji ya bonde hili, na nyumba yangu inatazama mfereji kama nyumba nyingine zinavyotazama bahari.

"Na Clive?" akasema. "Jana alisimamisha gari getini kwangu. Akasema amempa nyumba Tamsin, binti wa dada yake, kuanzia Jumatatu ya tarehe mosi. Akasema, lakini ungeniambia mwenyewe, Ruta, baada ya miaka yote hii. Alikuwa kama amekasirika."

Nyumba anayokaa Ruta na mumewe Darius ni ya Clive.

"Wewe ukasemaje?"

"Nilisema asante."

"Asante ya nini?"

"Sikuelewa anasema nini. Nikishindwa kuelewa nasema asante. Miaka yote imenisaidia."

Nikamweleza sheria. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa maneno ya getini. Lazima atoe notisi ya maandishi, na muda wake ni miezi miwili. Clive hakutoa, kwa hiyo nyumba ni yake Ruta, tarehe mosi na baada ya tarehe mosi.

"Sheria naijua," akasema. "Siyo sheria." Akavua koti hatimaye, akaketi, akalishika mapajani. "Dada yangu Vaida ana karakana ya meno bandia kule Panevezys. Mimi nilisomea kazi hiyo, unajua? Kabla ya kabichi. Anataka nirudi tufanye pamoja. Anataka jibu kabla ya Pasaka. Nami nilikuwa nangoja nchi yenu iseme kwanza inafanya nini, halafu ndiyo niseme mimi. Sasa kijiji kimesema."

"Kimesema nini?"

"Kwamba naenda. Na hakuna hata mmoja aliyesema nisiende."

Nikamweleza tena ile ya miezi miwili.

Siku iliyofuata nilikwenda kutafuta chanzo. Clive alisema amesikia dukani. Mwenye duka alisema ameambiwa na mchungaji. Mchungaji alisema ameambiwa na mtu anayemfahamu Ruta kwa karibu, aliyekuwa na huzuni, na hawezi kumtaja. Nikarudi kwa Clive, nikamkuta uani akiosha trekta.

"Habari hii haina msingi," nikamwambia.

"Amekuambia haondoki?"

Ilinibidi nifikiri. "Hapana. Amesema hajui."

"Basi." Akafunga maji. "Mimi nilimuuliza ana kwa ana, akasema asante. Sasa mtu akikuaga utamzuia? Sikumfukuza mimi. Nilipiga kura kuhusu Brussels, sikupiga kura kuhusu Ruta."

"Umempa mtu mwingine nyumba yake."

"Kwa sababu anaondoka."

"Hajui kama anaondoka."

"Philippa, hakuna anayejua chochote nchi hii mwezi huu. Lakini mtu lazima afanye mipango."

Sikuona pa kumkamata. Nikaondoka nikiwa najua kidogo kuliko nilipofika.

Ikafika wiki yenyewe. Brussels walikuwa wametupa hadi tarehe kumi na mbili Aprili, isipokuwa mkataba ukipita, ambapo ingekuwa Mei. Jumatano Bunge lilipiga kura juu ya njia nane tofauti, likazikataa zote nane. Ijumaa mchana likaukataa mkataba mara ya tatu. Kwa hiyo jioni ile, siku ambayo sheria ilikuwa imesema tutakuwa tunatoka, tulikuwa hatutoki. Hatukuwa tumebaki pia. Nilisoma taarifa mara mbili na sikupata neno la hali tuliyokuwamo.

Tulikutana chumba cha kamba saa moja ya jioni. Clive alikuwa amevaa tai. Wilf alikuja na mfuko wa vile vipande vya ngozi tunavyofunga kwenye ndimi za kengele siku za maombolezo, upande mmoja tu, ili pigo moja lilie wazi na la pili lisikike kama linatoka chini ya blanketi.

"Vya nini hivyo?" Clive akauliza.

"Nimefikiri," Wilf akasema. "Pigo moja la wanaofurahi, pigo moja la wanaolia. Kila mtu atapata lake."

"Hakuna aliyekufa, Wilf."

"Na hakuna aliyetoka, bwana mwenyekiti. Hiyo tai ya nini?"

Wakabishana. Clive alitaka kengele wazi, kwa kuwa uamuzi wa wananchi uko palepale. Mpigaji wa Tatu alisema zikipigwa wazi watu watadhani tumetoka. Mpigaji wa Nne alisema zikifungwa ngozi watadhani amekufa mtu wa kifalme. Nikawauliza ni lini mara ya mwisho Bunge lilikubaliana jambo lolote kwa kura nyingi, na Wilf akasema wao njia zao nane zimeanguka zote, sisi nane zetu walau hulia. Mwishowe niliamua, kama kiongozi wa wapigaji, kwamba tutapiga kama Ijumaa yoyote nyingine, bila sababu. Hilo lilimuudhi kila mtu kwa kiasi sawa.

Ruta alikuwa amesimama mahali pake, mkono juu ya kamba. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, kuwa sanduku lake la kwanza lilikuwa limefungwa, kwa sababu Tamsin alikuwa ameshapita kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, naye Ruta alimshikia futi. Darius, ambaye ni dereva, angerudi na lori Jumapili kutoka Rotterdam, kama mpaka ungekuwa bado unafanana na alivyouacha.

Ndipo mlango ukafunguka, na mchungaji Imogen akaingia akihema, keki mikononi. Alikuwa amepanda ngazi zote na goti lake. Juu ya keki alikuwa ameandika kwa sukari ya buluu, Kwaheri Ruta.

"Endeleeni," akanong'ona. "Nitasubiri."

Ruta aliitazama keki. Kisha akatazama mbele, kama nilivyomfundisha.

"Angalieni," akasema.

Tukashika kamba. Akavuta kidogo. Juu yetu mbao zikalia.

"Mdogo anaondoka."

"Mungu wangu," mchungaji akasema.

Kuna mahali kengele hufika ambapo haijasimama na haijaanguka. Mpigaji mzuri anaweza kuishikilia hapo kwa ncha za vidole, na kutoka hapo inaweza kurudi au kwenda. Ni kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo Ruta hakuwahi kuiweza. Jioni ile aliiweza. Alibaki na mikono juu, uso umetulia, kengele imening'inia kwenye mizani yake.

"Mdogo ni kengele?" mchungaji akauliza.

"Ni kengele," nikasema. "Na tafadhali, usiongee wakati huu."

"Lakini Wilf aliniambia Mdogo anaondoka mapema mno."

"Ndivyo anavyofanya," Wilf akasema bila kugeuka. "Leo tu ndiyo sijui ana nini."

"Mimi nikawaambia watu Ruta anahama."

Hakuna aliyeachia kamba. Wapigaji hufundishwa hivyo. Tulisimama kwenye duara, mikono juu, kama watu waliotekwa, na mazungumzo yote yaliyofuata yalifanyika tukiwa hivyo.

"Subiri," Clive akasema. "Nani alisema anahama?"

"Wilf," mchungaji akasema.

"Mimi? Mimi nilikuwa nakula mkate."

"Lakini nilikuuliza mwenyewe, Ruta," Clive akasema. "Pale getini. Ukasema asante."

"Nilidhani unaniambia habari," Ruta akasema.

"Habari gani?"

"Za nchi. Sijui, Clive. Kila siku zinakuja mpya."

Kutoka nilipokuwa niliona shingo ya Clive ikipanda rangi juu ya tai. "Kwa hiyo huondoki."

Kamba ya Ruta ilitikisika kidogo, akairudisha.

"Tamsin ameshatoa notisi ya kuhama kule Spalding," Clive akasema. "Ameshafunga vyombo. Sasa sikia, tufanye hivi. Wewe kaa hadi tarehe kumi na mbili Aprili. Halafu tutaona."

Wilf akacheka. "Hiyo ndiyo tarehe waliyotupa wale wa Brussels."

"Tarehe ni tarehe."

"Na ikifika?" Ruta akauliza.

"Ikifika tutaangalia upya. Pengine nitaongeza."

"Mimi si nchi, Clive." Hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa juu, kwenye tundu la dari ambamo kamba huingia. "Nina sahani. Nina mume anayekuja Jumapili, atataka kujua afungue mlango gani. Unataka niende au hutaki?"

Ni swali ambalo mtu angetarajia mwenyekiti wa baraza, mpiga kura ya kujitoa, kuwa na jibu lake. Clive alitazama kamba yake, akamtazama Wilf, akanitazama mimi. Nadhani alikuwa anatafuta neno lisilokuwa ndiyo wala hapana.

"Mimi sitaki," akasema mwishowe. "Nani atapiga Mdogo?"

"Hiyo tu?"

"Na nyumba umeiweka vizuri. Na, basi, sitaki. Nimesema."

Vidole vya Ruta vilikuwa vinateleza kwenye kamba. Nilijua hana muda mrefu. Angeweza kuirudisha kengele ikasimama, nasi tungeshuka tukale keki.

"Jumatatu nitakuwa nyumbani kwangu," akasema. "Tamsin mwambie wewe."

Kisha akasema, "Ameondoka."

Wa Pili akafuata, wa Tatu, wa Nne, wa Tano. Clive alichelewa, akaniingilia, na kwa dakika kadhaa hakukuwa na mpangilio wowote mle ndani. Kila mmoja alikuwa anapiga mahali pa mwingine. Sikuwasimamisha. Polepole Mkubwa akatulia chini ya vurugu, wa Sita akapata nafasi yake nyuma ya wa Tano, nami nyuma yake, na zikashuka kwa mfuatano kama zilivyotengenezwa kushuka, Mdogo mbele. Tulipiga muda mrefu kuliko kawaida. Nilipoona mabega ya Ruta yamechoka nikatamka neno la kufunga, "Simameni," na zikasimama zote nane.

Tulikula keki. Wilf ndiye aliyekata, akaanzia upande wa Kwaheri, akampa Clive kipande hicho. Mchungaji aliomba radhi kwa kila mtu mara kadhaa, hata kwa wa Nne ambaye hakuhusika. Kwenye ngazi, akishuka mbele yangu na mfuko wake wa vipande vya ngozi, Wilf akauliza, "Kwani leo tulipiga kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya Ijumaa," nikasema.

"Haya."

Kesho yake dukani wapo waliosema kengele zimelia kwa sababu tumetoka, na waliosema zimelia kwa sababu hatukutoka. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Tamsin alihamia kwenye karavani nyuma ya ghala la Clive, kwa muda, alivyoambiwa. Tarehe kumi na mbili Aprili ikapita, na tulikuwa tumepewa hadi Oktoba.

Ruta alimpigia dada yake simu Jumapili ileile, Darius akiwa ameshafika. Aliniambia Ijumaa iliyofuata, tukingoja wengine mnarani.

"Ulimwambia nini?" nikauliza.

"Kwamba siendi. Akauliza kama ni serikali imeamua, nikamwambia hapana, serikali haijaamua. Akauliza basi nani ameamua, nikamweleza habari za kengele, mwanzo hadi mwisho."

"Akaelewa?"

"Sidhani." Akanyoosha mkono kushika kamba. "Alisema asante."